Nani aliziona protini? Historia fupi ya hadubini iliyojifunza kukesha yenyewe

Kijiwe kimekaa kimya kwa muda, na mnajua wenyewe UE zikiingia hakuna anayekumbuka kuandika kitu kisichokuwa na maksi. Sasa mitihani imekwisha, bum bado halijatoka, kafeteria tunaitazama kwa mbali, basi muda wa kuandika upo tele. Leo nataka kuandika historia. Najua kuna watu wakisikia neno historia wanakumbuka Mkutano wa Berlin na majina ya machifu, lakini sayansi nayo ina historia yake, ina watu waliokesha, waliogombana na waliosahaulika.

Chanzo ni swali. Jamaa yangu mmoja, naye anasomea ualimu wa sayansi, alikuwa anaandaa somo la protini kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Akatazama kwenye kitabu yale maumbo yanayofanana na utepe uliojisokota, akauliza: "Hivi haya kuna mtu aliyaona, au yalichorwa tu?" Mwingine akamwambia aache ubishi, mwanafunzi wa kidato cha sita hawezi kuuliza hivyo. Mimi nasema atauliza, tena yule wa dawati la nyuma ambaye hatumtegemei. Na mwalimu akimjibu "ndivyo kitabu kinavyosema", somo limeishia hapo. Kwa hiyo nimeikusanya historia yenyewe, na nimejaribu kuipanga ili hata ndugu zetu wa Kiswahili na Jiografia waifuate bila shida.

Tuanze na tatizo. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700. Atomu mbili zilizoshikana ndani ya protini zimeachana kama nanomita 0.15 tu. Kutafuta atomu kwa mwanga wa kawaida ni sawa na kutafuta tundu la sindano kwa kupapasa huku umevaa glovu za ndondi. Ndiyo maana mwaka 1931 mjini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walipounda hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga, na sumaku badala ya lenzi za kioo, mlango mpya ulifunguka. Mawimbi ya elektroni ni mafupi mno, kwa hiyo kwa hesabu za karatasini atomu zingeonekana. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1986, miaka 55 baadaye. Mambo ya sayansi hayo, ukiwa na haraka utaumia.

Lakini vitu vyenye uhai vilikataa. Ndani ya hadubini ya elektroni hakuna hewa, ni ombwe tupu, kwa hiyo maji yanakauka na protini inajikunja kama dagaa juani. Halafu ule mwali wa elektroni wenyewe unaunguza. Ukipunguza mwali ili usiunguze, picha inakuwa chenga tupu, kama televisheni yenye antena mbovu. Ukiuongeza ili uone vizuri, unachokiona ni majivu ya kitu ulichotaka kukiona.

Kwa hiyo kwa miaka mingi maumbo ya protini yalitafutwa kwa njia nyingine, ile ya kupiga fuwele kwa eksirei. Max Perutz na John Kendrew wa Cambridge, Uingereza, walipata Nobel ya kemia mwaka 1962 kwa kazi hiyo. Perutz aliifukuzia himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa zaidi ya miaka 20. Tatizo la njia hii ni kwamba lazima protini ikubali kuwa fuwele, yaani mabilioni ya molekuli zijipange mistari kama wanafunzi asubuhi mstarini. Zipo protini nyingi zisizokubali kupangwa, hasa zile zinazokaa kwenye utando wa seli, na hizo ndizo ambazo dawa nyingi huzilenga.

Watu wa hadubini hawakukata tamaa. Mwaka 1968 David DeRosier na Aaron Klug, pale pale Cambridge, walionyesha kwamba picha bapa za elektroni zinaweza kuunganishwa kwa hesabu zikatoa umbo lenye pande zote tatu. Wazo lenyewe unaweza kulifundisha kwa kikombe na tochi: kivuli kimoja hakikwambii kama kile ni kikombe au sahani, lakini ukikimulika kutoka pande nyingi, vivuli vyote kwa pamoja vinakutajia kitu chenyewe. Klug huyu alikulia Durban, Afrika Kusini, akasoma Witwatersrand na Cape Town kabla ya kwenda Uingereza, na Nobel ya kemia ikamfikia mwaka 1982.

Mwaka 1974 Kenneth Taylor na Robert Glaeser, kule California, wakaonyesha kwamba protini ikigandishwa hubaki na maji yake hata ndani ya ombwe. Mwaka 1975 Richard Henderson na Nigel Unwin wakachukua protini ya utando wa vijidudu wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali, wakaipiga kwa elektroni kidogo sana, wakachanganya taarifa za maelfu ya molekuli, na kupata umbo la awali. Henderson hakuridhika. Akaendelea kutafuta hadubini bora Ulaya na Marekani mpaka mwaka 1990 alipofikia hatua ya kuonyesha atomu zimekaaje. Hesabuni wenyewe: miaka 15 kwa protini moja.

Mawili yalibaki, na yalitatuliwa na watu wawili waliokuwa mbali na mwenzake. La kwanza ni barafu. Maji yakiganda kawaida yanatengeneza fuwele zinazoharibu kila kitu. Jacques Dubochet, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, pamoja na mwenzake Alasdair McDowall, mwanzoni mwa miaka ya 1980 waligundua kwamba tone dogo sana likitumbukizwa ghafla kwenye ethani iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, maji hayapati hata nafasi ya kujipanga. Yanakuwa kama kioo, na protini imeganda humo ndani vile vile ilivyokuwa inaelea. Mwaka 1984 wakaonyesha virusi vikiwa katika barafu hiyo.

La pili ni chenga. Joachim Frank, Mjerumani aliyehamia Albany katika jimbo la New York, alisema tusihangaike na fuwele, tupige picha za molekuli moja moja, nyingi sana, halafu kompyuta izipange zinazofanana na kuzitafutia wastani. Fikiria daladala inayopita mbali kila siku na wewe una simu yenye kamera mbovu. Picha moja haionyeshi namba. Lakini ukizipanga picha elfu kumi za daladala ile ile, moja juu ya nyingine, chenga zinafutana kwa sababu kila siku zinakaa mahali tofauti, na namba inabaki kwa sababu iko pale pale. Mwaka 1981 programu yake iitwayo SPIDER ilichapishwa, na mwaka huo huo yeye na Marin van Heel wakatoa hesabu za kuzitenga picha katika makundi.

Sasa hapa ndipo sehemu ambayo vitabu vingi vinaipita haraka, na mimi naona ndiyo kiini cha habari yote. Chenga hazipungui kwa kasi ile ile unayoongeza picha. Ukitaka wastani wako uwe safi mara 2 zaidi, unahitaji picha mara 4. Ukitaka mara 10, unahitaji picha mara 100. Wenzangu wa hesabu mmekiona kipeuo cha pili hapo. Maana yake ni kwamba wazo la Frank lilikuwa sahihi, barafu ya Dubochet ilikuwa safi, lakini kilichokosekana ni mtu wa kupiga picha zote hizo bila kuchoka. Na mtu wa namna hiyo hajazaliwa.

Hebu tuone kazi yenyewe ilivyokuwa. Protini iliyogandishwa inakaa juu ya kiwavu cha duara chenye kipenyo cha milimita 3, chenye vyumba vingi vya mraba, na kila chumba kina utando wenye matundu madogo. Unakaa kwenye chumba chenye giza. Unatafuta chumba kizuri kwa kukuza kidogo, kisha tundu lenye barafu isiyo nene wala nyembamba mno. Ukilipata huruhusiwi kulitazama kwa kukuza sana, maana utaliunguza. Unasogea pembeni, unaweka fokasi kwenye sehemu ambayo haina kazi, unarudi kwenye tundu lako, unasubiri litulie kwa sababu kila ukisogeza linaserereka kidogo, ndipo unapiga. Mara moja tu. Halafu unaanza upya. Filamu zikiisha unazitoa, unaweka nyingine, unasubiri ombwe lirudi. Kisha unaingia chumba cha giza kusafisha picha, na asubuhi unagundua nyingi hazifai kwa sababu sampuli ilitikisika. Ndivyo vijana wa uzamivu walivyokesha.

Mageuzi yalianza pale kamera za kidijitali zilipofungwa kwenye hadubini. Watu hudhani faida yake ilikuwa kuondoa kazi ya kusafisha filamu tu. Hapana, kuna kubwa zaidi. Filamu inakwambia ulikosea kesho yake. Kamera inaiambia kompyuta papo hapo, na kompyuta ikijua imekosea kwa kiasi gani, inaweza kujirekebisha: fokasi imepotea, irudishe, tundu limesogea kushoto, lifuate. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Wolfgang Baumeister huko Martinsried karibu na Munich lilikuwa tayari linaiachia kompyuta kazi ya kuinamisha sampuli hatua kwa hatua na kuipiga picha kila pembe.

Kwa picha za protini moja moja, jina la kushika ni Leginon. Programu hii ilizaliwa Urbana, jimbo la Illinois, mikononi mwa Bridget Carragher na Clint Potter na wenzao. Carragher ni mtu wa Afrika Kusini, alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Rhodes kabla ya kwenda Chicago kwa uzamivu. Potter ni mtu wa kompyuta. Makala yao ya mwaka 1999 ilitaja lengo kwenye kichwa chake kabisa: picha 1000 kwa siku. Mwaka 2000 wakaonyesha mfumo ukifanya kazi kwenye sampuli za barafu, na baada ya hapo wakahamia taasisi ya Scripps huko California, ambako toleo jipya lilichapishwa mwaka 2005.

Leginon ilifanya nini? Iliiga mwendo wa yule kijana aliyekesha. Kwanza inapiga picha za kukuza kidogo na kuziunganisha kuwa ramani ya kiwavu chote, kama unavyoitazama Dar kutoka angani. Kisha inachagua vyumba, yaani mitaa. Kisha inatafuta matundu ndani ya chumba, yaani nyumba, na kwa kupima elektroni zinazopita inakadiria unene wa barafu. Inasogea pembeni kuweka fokasi, inarudi, inapiga, inahifadhi, inaenda tundu linalofuata. Saa nane usiku mtu amelala, mashine haijapiga hata mwayo. Na huko Colorado, David Mastronarde alichapisha mwaka 2005 mfumo wake wa SerialEM, ambao ulitumia mwendo uliopita wa sampuli kubashiri itasogea wapi safari ijayo, hivyo kuokoa muda na kuokoa sampuli isipigwe elektroni za bure. Zote mbili zilitolewa bure kwa yeyote anayetaka.

Lakini, wadau, ukitatua foleni ya Ubungo unaikuta Kimara. Picha zilipoanza kumiminika, kazi ikahamia mbele. Ndani ya kila picha kuna molekuli kadhaa zilizotapakaa, na mtu alitakiwa kuziokota moja moja kwa kubofya, kama kuchagua mchele kwenye ungo, ila hapa mchele na mchanga vina rangi moja. Wataalamu waliandaa hata shindano la programu za kuokota, wakitumia picha za protini ya damu ya konokono wa baharini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Programu zilitofautiana, kama watu wanavyotofautiana.

Kulikuwa na kikwazo kingine pia. Kamera za kwanza zilikuwa haraka lakini hazikuwa kali kama filamu. Kwa muda mrefu ilibidi uchague: wingi au ukali. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya picha bora za virusi zilikuwa bado za filamu. Mchezo uligeuka karibu mwaka 2012 na 2013 zilipokuja kamera zinazozipokea elektroni moja kwa moja, tena zinapiga filamu fupi ya vipande vingi badala ya picha moja. Sampuli ikitikisika ndani ya hiyo sekunde, kompyuta inavipanga vipande upya na mtikisiko unafutika. Mwaka 2012 huo huo Sjors Scheres wa Cambridge akatoa RELION, programu inayochambua makundi ya molekuli bila mtu kuiongoza kila hatua.

Mfano ulioamsha watu ulitoka Desemba 2013, San Francisco, kwa makundi ya Yifan Cheng na David Julius. Ni protini iitwayo TRPV1, iliyoko kwenye mishipa ya fahamu, ile inayokufanya uhisi pilipili inawasha na chai ya moto inaunguza. Haikuhitaji fuwele. Ukali ulifika angstromu 3.4, na angstromu moja ni sehemu ya milioni kumi ya milimita. Yaani ukila pilipili kichaa na jasho likakutoka, umbo la mlango uliobonyezwa linajulikana. Mwaka 2014 Werner Kühlbrandt aliandika kwamba haya ni mapinduzi ya ukali wa picha, na jina likashika.

Mpaka hapa habari ni tamu. Sasa ije chungu, maana bila hii nisingeandika chochote.

Chukua picha 1000 za chenga tupu, zisizo na kitu chochote ndani. Iambie kompyuta: kila picha isogeze na kuizungusha mpaka ifanane kadiri iwezekanavyo na picha ya Einstein, halafu tafuta wastani. Utapata Einstein, nywele na masharubu, kutoka kwenye hewa. Si uchawi. Kila picha ya chenga ina mahali inapofanana na Einstein kwa bahati, na wewe umezichagua bahati zote na kuzirundika pamoja. Jaribio hili lilichapishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 Henderson yule yule akalirudia kama onyo kwa wenzake. Mashine haikudanganya. Iliulizwa "Einstein yuko wapi?" ikajibu ilichoulizwa.

Onyo hilo lilikuwa na kesi halisi nyuma yake. Mwaka 2013 kundi moja lilichapisha umbo la protini ya juu ya Virusi vya UKIMWI, ile inayotafutwa usiku na mchana na watu wa chanjo. Henderson, van Heel na Sriram Subramaniam wakaandika kila mmoja kwa upande wake kwamba chembe zilizookotwa huenda zilikuwa chenga, na umbo lilitoka kwenye kielelezo walichoanza nacho. Wenyewe walitetea kazi yao. Kabla mwaka haujaisha, jarida la Science likatoa makala mbili za umbo la protini ya aina hiyo, moja kwa eksirei na moja kwa hadubini ya barafu, zikiafikiana, nazo hazikulingana na lile lililobishaniwa. Katika makala ya hadubini, Potter na Carragher ni miongoni mwa waandishi. Yaani watu wale wale walioifundisha mashine kupiga picha bila mtu walikuwemo kwenye kundi lililokagua kwa njia mbili.

Dawa iliyokubalika ni rahisi, sisi walimu tunaielewa haraka. Picha zinagawanywa nusu mbili tangu mwanzo. Kila nusu inatengeneza umbo lake bila kuchungulia mwenzake. Mwisho maumbo yanalinganishwa, na ukali unaokubalika ni ule tu ambao nusu zote mbili zimeuona. Ni kama karatasi moja kusahihishwa na walimu wawili, wa pili asione maksi za wa kwanza.

Mwaka 2017 Dubochet, Frank na Henderson walipewa Nobel ya kemia. Walistahili, sina ubishi. Ila tuzo ile haizidi watu watatu, na waliofanya kazi ya kuondoa kukesha hawakuwemo. Nadhani ndiyo bahati ya kazi ya namna hiyo: ikifanikiwa, inaacha kuonekana. Anayewasha hadubini leo na kwenda kulala hamkumbuki aliyemwezesha kulala.

Matunda yake tuliyaona wote. Januari 10, 2020 mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha korona uliwekwa wazi. Februari 19, siku 40 baadaye, kundi la Jason McLellan kutoka Austin, Texas, na wenzao wakatoa kwenye Science umbo la ule mwiba wa kirusi, kwa ukali wa angstromu 3.5, kutokana na filamu fupi 3,207. Uokotaji wa chembe ulifanywa na programu iitwayo Warp, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 2019, ambayo huchambua picha huku zikiendelea kupigwa. Perutz miaka zaidi ya 20, hawa siku 40! Lakini tusidanganyane, nyuma ya siku hizo kulikuwa na miaka ya kuichunguza miiba ya virusi ndugu. Mashine iliwapa mwendo. Wa kujua waende wapi walikuwa wao. Mwaka huo huo wa 2020 makundi ya Cambridge na Göttingen yakafikia karibu angstromu 1.2, ambako atomu zinaonekana moja moja.

Sasa hoja yangu. Wengi wanasema historia hii ni ya mashine kuchukua kazi ya mtu. Mimi naona mashine ilichukua uvumilivu, yaani kukaa, kungoja, kurudia mara elfu. Haikuchukua shaka. Kadiri picha zilivyoongezeka, ndivyo kosa dogo la mwanzoni lilivyoweza kurudiwa mara milioni bila hata mmoja kupiga kelele. Zamani kijana aliyekesha aliona kila picha, akajua hii mbovu. Leo hakuna macho ya mtu yanayoweza kuona zote, kwa hiyo shaka ilibidi iandikwe ndani ya utaratibu wenyewe, kama zile nusu mbili.

Na hapa inatugusa sisi. Kila aliyesoma sayansi sekondari anajua maana ya kupika data. Mwanafunzi anaingia maabara akijua jibu linalotakiwa, mvutano wa dunia 9.8, halafu vipimo vinavyokaribia anaviandika na visivyokaribia anavifuta. Huyo tayari ameshamtengeneza Einstein kutoka kwenye chenga, kwa kalamu na karatasi, bila hadubini ya mamilioni ya dola. Nasi ndio tunaomfundisha, pale tunapotoa maksi kwa jibu na siyo kwa namna alivyolipata. Akija kupewa kompyuta inayochambua picha elfu kwa usiku mmoja, atapika data kwa kasi ya ajabu na hatajua kama amepika.

Kwa hiyo nina pendekezo, tena halihitaji fedha. Ukienda mazoezi ya kufundisha, fanya jaribio moja ambalo jibu lake hujawaambia. Gawa darasa mara mbili, nusu hii isione vipimo vya nusu ile, mwisho mlinganishe ubaoni. Zikitofautiana usiharakishe kusema nani kakosea, waache watafute. Na mwenye intaneti nzuri ajue kwamba RELION ni ya bure, na kuna hifadhi ya wazi iitwayo EMPIAR yenye picha ghafi zilizopigwa na wakubwa hao. Kompyuta yenye nguvu ndiyo mtihani, lakini kuzitazama tu picha zile za chenga, na kumwonyesha mwanafunzi kwamba umbo zuri la kitabuni lilitoka humo, ni somo tosha.

Wa dawati la nyuma akiuliza nani aliziona protini, mwambieni: hakuna aliyeziona kwa jicho, zilipigwa picha mbovu maelfu kwa maelfu, na watu wakagombana sana kabla ya kukubaliana. Halafu mpeni maksi ya kuuliza.

Naomba kuwasilisha. Wa bayolojia na fizikia nawasubiri kwa hoja, na wa sanaa msiogope, shaka haina kitivo. Bum likitoka tutaendelea na mada nyingine. Tuko pamoja.